Kusafisha ufukwe wanakotaga kasa: mwongozo kwa wanaosafiri kwenda pwani

Kundi la wasafiri likifika Watamu, Kiwengwa au Mafia likataka kusafisha ufukwe, la kwanza kulimaliza ni mwisho wa kazi yenyewe: magunia yakishajaa yatachukuliwa na nani, lini, yapelekwe wapi? Magunia mengi ya usafi wa siku moja huachwa chini ya mnazi yakisubiri gari ambalo hakuna aliyeliita. Jua huyakausha, nyuzi zake hukatika, na bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) inayofuata huyamwaga yote baharini, safari hii plastiki ikiwa imeshavunjikavunjika. Pangeni usafiri kabla ya kununua hata glavu moja.

Watamu kipo kituo cha EcoWorld kinachopokea plastiki za ufukweni. Unguja kuna kampuni ya Zanrec inayokusanya na kutenganisha taka. Lamu wapo Flipflopi, waliotengeneza chombo cha tanga cha mita 9 kwa plastiki iliyochakatwa, wakakivika ndara kuukuu na kukishusha majini mwaka 2018. Kwingineko tafuteni mnunuzi wa chupa na chuma chakavu, maana karibu kila mji wa pwani anaye, na mumuulize mambo matatu: anachukua plastiki za aina gani, anataka vizibo vitolewe au viachwe, na anakubali chupa zilizokaa na chumvi. Chupa iliyopigwa na jua kwa miezi huwa imepauka na inavunjika ukiiminya, na wengi huikataa. Hiyo, pamoja na pampasi, fomu nyeupe za maboksi ya samaki na vipande visivyojulikana asili yake, ni ya dampo la halmashauri au la kaunti. Kirikuu au guta la kupeleka mzigo huko lilipwe mapema na dereva apewe saa kamili.

Hodi kwanza

Ufukwe una wenyewe. Kenya na Tanzania Bara muulizeni mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe huo. Zanzibar anzeni kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Mkiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama Watamu iliyotengwa mwaka 1968 au Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ruhusa ya wahifadhi ni ya lazima na mara nyingi watawapa mtu wa kufuatana naye.

Mwenyeji huyo ndiye atakayewaonyesha visivyo taka. Wavu ulioanikwa juu ya miti ya mikadi una mwenyewe. Dema, yaani mtego wa samaki wa kusukwa, lililovunjika upande mmoja linasubiri kusukwa upya. Boya lililofungwa kamba inayoingia majini lina kitu upande wa pili. Paje na Jambiani maji yakipwa mtaona safu za vigingi vifupi vyenye kamba na vifundo vya plastiki: hayo ni mashamba ya mwani, na mengi ni ya kina mama wanaoishi kwa zao hilo. Kigingi kimoja kikingolewa, kamba nzima hulegea na mwani hupotea na maji. Kundi lenye nia njema linaweza kuharibu mavuno ya mtu kwa nusu saa, kwa hiyo chini ya mstari wa maji msing'oe chochote kilichosimikwa.

Siku na saa

Bahari ya pwani yetu hupanda na kushuka hadi karibu mita 4 wakati wa bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku za bamvua ndizo nzuri zaidi kwa kazi hii: mkianza saa moja asubuhi maji yanashuka, yanaacha taka mpya mchangani, na mna saa tatu kabla jua halijawa kali. Siku za maji mafu, yaani zile za kati ya bamvua na bamvua, bahari hujaa katikati ya asubuhi, na mtajikuta mnasukumwa juu, kwenye mchanga mkavu, ambako ndiko kasa anakotaga.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inapovuma, kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, fukwe zinazotazama mashariki hupokea taka nyingi, baadhi zikitoka mbali. Si ajabu kuokota chupa yenye maandishi ya Indonesia. Na kasa wa kijani, ambao hapa kwetu hutaga karibu mwaka mzima, huwa na msimu wao mkubwa kati ya Machi na Julai hivi. Taka na mayai hukutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kila utaratibu ulioelezwa humu umepangwa kwa ajili ya hilo.

Kwa hiyo kabla ya kundi kushuka, mtu mmoja anayejua nyayo za kasa atembee ufukwe mzima peke yake, mapema, kabla mguu wa mtu haujazifuta. Nyayo za kasa wa kijani ni mburuzo mpana wa karibu mita moja, alama za makasia yake (miguu ya kuogelea) ya kushoto na kulia zikiwa sambamba. Za ng'amba, kasa wa aina nyingine, ni nyembamba zaidi, na makasia yake huacha alama kwa zamu. Mburuzo unaopanda, ukaishia kwenye mchanga uliovurugwa, kisha ukashuka, una uwezekano wa kuwa na kiota. Pigeni picha, wekeni alama ya mahali kwenye simu, mpigieni anayesimamia viota (Watamu ni Local Ocean Conservation, ambao kazi yao ilianza mwaka 1997, Bara ni Sea Sense), na kundi lipite mbali. Vijiti au vibao vyenye namba mnavyovikuta juu ya ufukwe ni alama za viota vinavyofuatiliwa. Msiving'oe.

Vifaa vya watu kumi

- Viroba 12 vya kilo 50 vya sandarusi, vizima. Kiroba kilichoanza kuchakaa hutoa nyuzi za plastiki njia nzima.
- Ndoo 3 za lita 20: ya vipande vidogo, ya chupa za vioo, ya betri.
- Dumu gumu la lita 5 lenye kifuniko, la sindano na nyembe. Nyembe na sindano hushikwa kwa koleo tu.
- Glavu jozi 12, za kitambaa kilichopakwa mpira kiganjani.
- Visu 2 vyenye ncha butu na mkasi mmoja mkubwa.
- Chekeche moja yenye matundu ya milimita 5.
- Mzani wa kuning'iniza, ubao wa kuandikia, penseli. Wino wa kalamu huyeyuka na jasho.
- Chupa ya chai ya lita 2 yenye maji ya moto, na beseni. Sababu yake iko mbele, kwenye majeraha.
- Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu, kwenye jagi kubwa lenye bomba, na kila mtu na kikombe chake.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli nene. Ndara hazifai.

Msafiri anayevuka mpaka akumbuke pia kwamba mifuko ya rambo, au juala kama wanavyosema Kenya, imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017 na Tanzania tangu Juni 1, 2019. Zanzibar waliitangulia Bara kwa miaka mingi. Na katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Kenya, fukwe zikiwemo, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi tangu Juni 5, 2020, kwa hiyo hata chupa ndogo ya maji iacheni hotelini.

Namna ya kuokota

Pimeni kipande cha mita 100. Ufukwe mchafu sana wa urefu huo hutosha watu kumi kwa saa mbili au zaidi, na mita 100 zilizosafishwa sawasawa ni bora kuliko kilomita moja iliyochukuliwa chupa kubwa tu. Watu wanane waokote, mmoja ahesabu, mmoja awe mlinzi wa viumbe: kazi yake ni kutazama mbele ya kundi na kusimamisha kazi.

Taka hulala katika mistari mitatu. Wa chini ni wa maji ya leo, wenye mwani mbichi. Wa kati ni wa bamvua iliyopita. Wa juu kabisa uko kwenye mlakasa (mmea unaotambaa mchangani) na mizizi ya mivinje na mikadi, ambako upepo hupeleka fomu na mifuko. Anzeni chini mpande juu. Mkianza juu mtakuwa mmechoka na kukosa uangalifu mkifika penye vitu vidogo.

Mzunguko wa kwanza mtembee sambamba, mita mbili kati ya mtu na mtu, mkichukua vikubwa. Mzunguko wa pili ni wa magoti. Kila mtu achukue mraba wa mita moja, auchambue kwa vidole, kisha ahamie unaofuata. Hapa ndipo vinapopatikana vizibo, vijiti vya pipi, vipande vya buluu na vyeupe na nyuzi za mshipi wa kuvulia, vitu ambavyo kasa na ndege wa baharini huvimeza. Watu wengi huruka mzunguko huu kwa sababu gunia halijai. Sisi tungeacha wa kwanza kabla ya kuuacha huu.

Mwani mkavu usiuzoe. Ndani yake wanaishi wadudu wanaoliwa na vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, na rundo lake hushika mchanga usiliwe na mawimbi. Uinueni taratibu kwa mkono, toeni plastiki iliyonasa, urudisheni ulipokuwa. Magogo pia yaacheni.

Chekeche itumike kwenye mchanga wa chini tu, ule unaofikiwa na maji kila siku. Juu ya mstari wa maji makuu hakuna chekeche, jembe wala reki, na hakuna gari kabisa. Kiota cha kasa wa kijani kina mayai 100 na ushee, ya juu yakiwa chini ya mchanga usiozidi urefu wa mkono, na hakuna dalili juu yake baada ya siku chache za upepo. Ukanda huo ni wa kuokota kwa mikono, kile kilicho juu ya mchanga. Kamba au wavu ukiuvuta ukahisi unaendelea chini zaidi ya shubiri moja, ukate usawa wa mchanga, uache uliobaki, mwambie yule anayehesabu aandike mahali.

Ikitokea yai limeonekana, kazi isimame pale pale. Usiligeuze. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza sehemu ya juu ya ganda, na ukiligeuza yai unakiua. Rudisha mchanga ule ule, wenye unyevu kwanza na mkavu juu yake, usiushindilie, kisha piga simu.

Gunia lisizidi kilo 12 hivi. Liinueni, msiliburuze; mburuzo wa gunia hufuta nyayo za kasa na kuacha mfereji. Watu wawili wenye mpiko, yaani mti wa kubebea mabegani, hubeba magunia mawili bila kuumia mgongo.

Kila chupa ina mkazi mpaka uhakikishe hana

Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kaa wale wadogo wanaobeba ganda la konokono mgongoni huingia kwenye chupa na makopo wakitafuta kivuli au chakula. Chupa iliyolala mdomo ukiwa umeinuka kidogo huwa mtego: plastiki ni laini, hawapati pa kushika, na wanakufa kwa joto. Kisha harufu ya aliyekufa huwaita wengine, kwa sababu kwa kaa hawa kifo cha mmoja ni tangazo kwamba ganda limebaki wazi. Wanaokuja kulitafuta nao wananasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu visiwa vya Cocos katika Bahari ya Hindi na Henderson katika Pasifiki ulikadiria kwamba kaa wapatao 570,000 walikuwa wamekufa hivyo, na chombo kimoja tu kilikutwa na kaa 526.

Kwa hiyo chupa, dumu, kopo na kiatu chochote kigeuzwe mdomo chini, kitikiswe taratibu, kichunguliwe, ndipo kiingie kwenye gunia. Kaa aliye hai mwache kivulini, kwenye mlakasa, karibu na ulipompata. Mizoga imwage kwenye mchanga pamoja na maganda yake, maana maganda hayo yana wenye kuyahitaji. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya makombe mazuri yasibebwe kama zawadi.

Kopo lililotoka majini linaweza kuwa na pweza mchanga au samaki wadogo: limwage kwenye dimbwi la maji ya bahari kabla ya kulichukua. Boya lililojaa viumbe vilivyokauka linaweza kuondoka. Lakini tairi au chuma kilichozama na kuota matumbawe hai kimeshakuwa makazi. Kiacheni.

Nyavu

Wavu uliofukiwa nusu hauvutwi kwa nguvu. Ukijaa mchanga na maji unaweza kuwa na uzito wa watu wawili, na ukiwa umeshika matumbawe utayavunja. Fukueni kwa mikono pembeni yake, kama mko chini ya mstari wa maji makuu, kisha muukate vipande vya mita mbili na kuvikunja. Kila kipande kitandazwe kwanza kitazamwe kama kuna kiumbe. Mishipi ya nailoni ikatwekatwe fupi ndani ya ndoo. Ikiachwa ndefu gunia likipasuka itarudi kunasa.

Visivyoguswa ni pipa lenye kimiminika msichokijua, kopo lenye utambi au unga, fataki za meli, na vifurushi vilivyofungwa kwa utepe. Uvuvi wa baruti umefanyika sana katika baadhi ya maeneo ya pwani ya Tanzania, na baruti ambayo haikulipuka hubaki hatari. Rudini nyuma kwa njia mliyojia, zuieni watoto, iteni polisi au askari wa hifadhi.

Mkimkuta kasa

Kasa jike hupanda usiku. Kabla hajaanza kutaga, mwanga wa simu au mtu anayetembea mbele yake unatosha kumrudisha baharini na mayai yake. Aliyemwona azime taa, akae chini pale alipo, asubiri apite. Kumsogelea ni kwa yule tu aliye na mlinzi wa viota, na ni kwa nyuma, akishaanza kutaga. Picha za mwanga hakuna.

Vifaranga hutoka baada ya siku 50 hadi 60 hivi, mara nyingi usiku mchanga ukishapoa, na hufuata upande wa anga wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa ya baraza la hoteli huwapeleka barabarani. Ukiwakuta wakitembea, usiwabebe wala usiwatie kwenye ndoo ya maji, kwani wataanza kuogelea na kumaliza nguvu walizopewa kwa ajili ya bahari. Kazi yako ni njia. Kifaranga ana urefu wa sentimita 5 tu, na alama ya kisigino chako ni shimo asiloweza kupanda. Sawazisha mchanga kwa mkono kati ya kiota na maji, ziba mashimo ya watoto waliochezea mchanga, ondoa nyuzi na plastiki, kisha kaa mita kadhaa pembeni ukiwafukuza mbwa na kunguru. Hii ndiyo sababu mzunguko wa mwisho wa siku ya usafi ni wa kusawazisha nyayo zenu wenyewe katika ukanda wa juu.

Kasa mzima aliyenasa au mgonjwa: mwekeeni kivuli, mfunikeni gamba kwa kitambaa kilicholowa bila kuziba pua, watu wasogee nyuma, mpige simu. Asivutwe kwa makasia wala kulazwa chali. Wavu ulio nje ya mwili ukatwe taratibu, mkasi ukitazama mbali na ngozi. Mshipi unaotoka mdomoni au nyuma usivutwe hata kidogo. Ndoana iliyo upande wa pili huchana utumbo. Acheni kipande kirefu cha mshipi ili daktari aweze kukishika. Na kasa anayeelea au aliyelegea asirudishwe majini kwa huruma. Amekuja nchi kavu kwa kuwa hawezi kuogelea.

Aliyekufa apigwe picha, apimwe urefu wa gamba kwa utepe, aripotiwe kabla ya kuzikwa. Nyama yake isigawiwe mtu yeyote. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu ambayo kupika hakuiondoi, wala haina dawa ya kuipoza, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na wengine 78 walilazwa. Miaka michache kabla, Novemba 2021, watu 7 walifariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Mkikaribishwa chakula hicho kijijini, kataeni kwa adabu na mseme sababu. Pana watoto kwenye sahani hiyo.

Wengine mtakaokutana nao

Kitwitwi anayekimbia mbele yako akilia, au anayejiburuza kama aliyevunjika bawa, ana mayai karibu. Mayai ni mawili au matatu yenye madoa, kwenye kishimo kitupu juu ya mchanga, na hayaonekani mpaka uwe juu yake. Simama, tazama miguuni, rudi kwa nyayo zako. Makundi ya ndege wageni, wanaokuja kuanzia Septemba hadi Aprili, hupumzika ufukweni maji yakijaa, wazungukeni.

Tumbili na kima wa Diani na Watamu wamezoea mikoba. Chakula kifungwe kwenye chombo kigumu, na asipewe hata ganda la ndizi. Aliyeumwa na tumbili, komba au mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Nyoka mweusi mgongoni na wa njano tumboni, mwenye mkia bapa kama kasia, aliyetupwa na mawimbi, ana sumu kali hata akionekana amekufa. Pomboo au nyangumi aliyekwama asisukumwe na watu wasiofundishwa. Mwekeeni kivuli, mloweshe ngozi, tundu la juu ya kichwa libaki wazi bila maji wala mchanga, msikae karibu na mkia. Nguva ni adimu mno, na wachache waliobaki wako zaidi kati ya Rufiji na Kilwa. Mkimwona, awe hai au amekufa, hiyo ni taarifa ambayo wahifadhi wanaihitaji siku hiyo hiyo.

Majeraha

Samaki-jiwe hulala kwenye maji mafupi akifanana na mwamba, na miiba yake hupenya ndara. Taa naye, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani, kwa hiyo majini buruzeni miguu badala ya kuipandisha. Akiguswa ubavuni huondoka, akikanyagwa mgongoni huchoma. Kwa wote wawili, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi kwa dakika 30 hadi 90. Pimeni joto kwa mguu usioumia, maana ule ulioumia unaweza kuungua bila kuhisi. Ndiyo kazi ya ile chupa ya chai, mkichanganya na maji baridi kwenye beseni. Kisha hospitali.

Konyeza na yavuyavu, viumbe laini wa baharini wenye nyuzi zinazowasha, hata waliokauka mchangani, bado huchoma. Suuzeni kwa maji ya bahari, ondoeni nyuzi kwa koleo, msisugue kwa mchanga wala kutumia maji ya bomba, ambayo huzidisha sumu kutoka. Konokono wa baharini mwenye ganda la umbo la pia lenye marembo mazuri asiokotwe kabisa. Mwiba wake hufika popote kwenye ganda, na aina mojawapo huua mtu kwa kupooza pumzi. Aliyechomwa afungwe bendeji ya kubana mkono mzima, asiusogeze, akimbizwe hospitali huku mtu akimtazama anavyopumua.

Baada ya kuokota

Mwageni kila kitu juu ya turubai, mbali na mchanga mkavu, mhesabu kwa aina: chupa, vizibo, ndara, kamba na nyavu, fomu, vifungashio, vioo, vinginevyo. Pimeni kila aina kwa kilo. Jumla ya kilo peke yake haisaidii sana, kwani tairi moja huzidi uzito wa vizibo mia kadhaa. Idadi ndiyo inayomwonyesha diwani au meneja wa hoteli taka za eneo lake zinatoka kwenye nini. Chupa zimwagwe mchanga na maji, ziminywe, zitengwe na vizibo kama mnunuzi alivyosema.

Msichome chochote ufukweni. Plastiki ikiyeyuka huungana na mchanga na mawe ikawa tonge gumu lisiloondoka tena, na moshi wake huingia kwenye nyumba za wenyeji. Kufukia nako ni kuwarudishia kasa mzigo ule ule, mahali pabaya zaidi.

Msindikizeni dereva mpaka dampo au kwa mnunuzi. Nakala moja ya hesabu abaki nayo mwenyekiti wa BMU au sheha, pamoja na orodha ya mahali palipoonekana nyayo, kiota au wavu uliokatwa ukaachwa, ili kundi litakalofuata lianze na orodha hiyo mkononi.